Mamogramu ya 3D: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyasikia ndani ya chumba cha mamogramu. Mengi huulizwa mama akiwa bado anafungua vifungo vya blauzi, na machache, yale mazito zaidi, huulizwa mkono ukiwa tayari umeshika kitasa cha mlango. Nimeanza na ya msingi. Asiye na muda aruke hadi sehemu ya majibu, hasa swali la kuitwa tena kwa vipimo vya ziada, maana ndilo linalowakosesha watu wengi usingizi.

## Mambo ya msingi

Mamogramu ya 3D ni nini hasa?

Ni picha ya eksirei ya titi inayopigwa kutoka pembe nyingi badala ya pembe moja. Wataalamu huiita tomosinthesisi. Titi hubanwa kama kwenye mamogramu ya kawaida, kisha kichwa cha mashine kinachotoa mionzi husogea juu yake kwa upinde mfupi huku kikipiga picha nyingi hafifu, kati ya 9 na 25 kutegemea mashine. Kompyuta huzichukua picha hizo na kulijenga titi upya tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiwa na unene wa milimita 1 hivi. Titi likibanwa hadi sentimita 5, daktari anapata matabaka kama 50 ya kupitia moja baada ya jingine.

Hilo neno "3D" huwafanya wengine wadhani wataona titi likizunguka kwenye skrini kama sanamu. Sivyo. Ni rundo la picha bapa zilizopangwa kwa kina, kutoka ngozi ya juu hadi ngozi ya chini.

Kwani mamogramu ya kawaida ina kasoro gani?

Kasoro yake ni vivuli kulaliana. Picha ya eksirei ni kivuli, na kivuli hakina kina. Kila kilichomo ndani ya titi, kiwe juu, katikati au chini, hutua mahali pamoja kwenye picha. Hapo yanatokea makosa mawili yanayokwenda pande tofauti. La kwanza, uvimbe mdogo hujificha nyuma ya tishu nzima zenye afya, usionekane. La pili, tishu mbili zenye afya hupandana na kuchora umbo linalofanana na uvimbe, mtu akatiwa hofu ya bure.

Jaribu hivi hapo ulipo. Nyoosha kidole cha shahada mbele ya uso wako, na kidole cha mkono wa pili nyuma yake, umbali wa kiganja. Fumba jicho moja na uvipange mpaka cha mbele kikifiche kabisa cha nyuma. Sasa sogeza kichwa kidogo upande wa kushoto. Kidole cha nyuma kimejitokeza. Mashine ya 3D hufanya jambo hilohilo: kichwa chake kikisogea, kilicho karibu nacho huhama zaidi kwenye picha kuliko kilicho mbali, na kwa tofauti hiyo kompyuta hujua kila kitu kimekaa kina gani.

Basi ni sawa na CT skani?

Ni jamaa yake wa karibu, lakini si yenyewe. CT skani huzunguka mwili mduara mzima. Mamogramu ya 3D husogea nyuzi 15 hadi 50 tu, kutegemea mtengenezaji. Ndiyo maana kina chake si kamili: kitu chenye mng'ao mkali kwenye tabaka la 20 huacha utando hafifu kwenye matabaka jirani. Kwa upande mwingine, huonyesha vitu vidogo sana kwa ukali mkubwa, na kwa mionzi kidogo.

Ilianza lini?

Mwaka 1913 daktari mpasuaji wa Berlin, Albert Salomon, alipiga eksirei maelfu ya matiti yaliyokwisha kuondolewa kwa upasuaji na akaona kwamba saratani ina sura yake kwenye picha. Wazo la kulipiga titi kutoka pembe kadhaa kwa mashine za kidijitali lilitolewa kwenye jarida la kitabibu mwaka 1997 na timu ya Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, akiwemo Daniel Kopans. Mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, iliidhinisha mashine ya kwanza Februari 2011.

## Faida na mipaka yake

Je, kweli inagundua saratani zaidi?

Katika tafiti nyingi kubwa, ndiyo. Utafiti wa Oslo uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kwa kila wanawake 1,000 waliochunguzwa, saratani zilizogunduliwa zilipanda kutoka 6.1 hadi 8.0 pale 3D ilipoongezwa kwenye picha za kawaida. Malmö, Uswidi, wanawake karibu 15,000 walipimwa kwa njia zote mbili, na idadi ikatoka 6.5 hadi 8.7 kwa kila 1,000. Ujerumani, kwa wanawake karibu 100,000, saratani zilizokwisha kuanza kupenya tishu jirani zilikuwa 7.1 kwa kila 1,000 kwa 3D, dhidi ya 4.8 kwa njia ya kawaida.

Haikuwa hivyo kila mahali. Utafiti wa Bergen, Norwei, uliotolewa mwaka 2019, haukuona tofauti ya maana katika idadi ya saratani zilizogunduliwa. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu matangazo ya vituo vya afya huwa hayalitaji. Mashine ni moja ya sababu. Nyingine ni ubora wa picha, macho ya anayesoma, na kama picha za miaka ya nyuma zipo za kulinganishia.

Inapunguza hofu za bure?

Hapo inategemea mlikuwa mnaanzia wapi. Marekani, ambako wanawake wengi walikuwa wakiitwa tena, utafiti wa mwaka 2014 uliokusanya vipimo 454,850 kutoka vituo 13 ulionyesha wanaoitwa tena wakishuka kutoka 107 hadi 91 kwa kila 1,000, huku saratani zinazopatikana zikipanda. Malmö, ambako walioitwa tena walikuwa wachache tangu mwanzo, idadi yao iliongezeka kidogo, kutoka asilimia 2.5 hadi 3.6.

Na kuokoa maisha, je?

Kuhusu mamogramu kwa jumla, jopo huru lililopitia ushahidi Uingereza mwaka 2012 lilikadiria kwamba kualikwa kupimwa hupunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu asilimia 20. Kwamba 3D inazidi hapo, bado hakujathibitishwa. Swali hilo huchukua miaka mingi, kwa kuwa lazima kusubiri kuona ni wanawake wangapi watapata saratani iliyokomaa katikati ya vipimo, yaani baada ya kipimo kilichosema safi na kabla ya kijacho. Utafiti mkubwa uitwao TMIST ulianza kusajili wanawake mwaka 2017 kwa kusudi hilo: kuona kama wanaopimwa kwa 3D hupata saratani chache zaidi za hatua mbaya.

Nimeambiwa matiti yangu ni "mazito". Ni ugonjwa?

Si ugonjwa, wala uzito huo si wa mizani. Titi lina mafuta, na lina tishu za tezi na nyuzi. Mafuta huonekana ya kijivu cha giza kwenye picha. Tezi na nyuzi huonekana nyeupe. Zikiwa nyingi, titi huitwa zito. Hutalijua kwa kulishika, hata likiwa gumu. Hujulikana kwenye picha tu. Na si jambo la nadra: Marekani, takriban nusu ya wanawake wa miaka 40 na kuendelea wanayo.

Tatizo ni kwamba saratani nayo huonekana nyeupe. Kutafuta kitu cheupe ndani ya weupe ni kazi ngumu, na zaidi ya hapo, titi zito lenyewe huongeza kiasi uwezekano wa kupata saratani. 3D husaidia kwa kuupunguza ule weupe tabaka kwa tabaka. Lakini katika matiti mazito kupita kiasi, kundi la mwisho kati ya makundi manne ya uzito ambayo madaktari hutumia, msaada wake hupungua, kwa sababu hata tabaka moja la milimita 1 linaweza kuwa jeupe tupu bila mafuta ya kutenganisha vitu. Wanawake wa kundi hilo waulize kuhusu kuongezewa altrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) au MRI (picha ya sumaku). Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2019 kwa wanawake wa aina hii ulionyesha kwamba walioalikwa kwenye MRI walipata saratani za katikati ya vipimo 2.5 kwa kila 1,000, dhidi ya 5.0 kwa wasioalikwa.

Tangu tarehe 10 Septemba 2024, vituo vyote vya mamogramu Marekani vinatakiwa kisheria kumwambia mwanamke kama matiti yake ni mazito. Kwingineko usingoje kuambiwa. Uliza.

Kituo kilicho karibu nami kina mamogramu ya kawaida tu. Nisubiri mpaka nipate ya 3D?

Usisubiri. Hili ndilo jibu ninalolitoa kwa msisitizo kuliko yote katika ukurasa huu. Ushahidi wa kwamba mamogramu hupunguza vifo ulipatikana kwa mashine za zamani, nyingi zikitumia filamu. Mwanamke anayepimwa kwa mashine ya kawaida kwa wakati wake, na akafuatilia majibu mpaka mwisho, yuko mahali pazuri kuliko anayeiwinda mashine mpya kwa miaka mitatu. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua 3D. Usipopewa, panda kwenye ile iliyopo.

Kuna ubaya wowote wa kupimwa?

Upo, na ni haki yako kuujua. Baadhi ya saratani zinazogunduliwa hukua polepole mno kiasi kwamba zisingemdhuru mwenyewe maisha yake yote, lakini zikishaonekana hutibiwa, kwa sababu hakuna njia ya uhakika ya kuzitofautisha na zile kali. Jopo la Uingereza nililolitaja lilikadiria kwamba kwa kila wanawake 10,000 wanaoalikwa kuanzia miaka 50 kwa muda wa miaka 20, vifo 43 huzuiwa, na wanawake 129 hutibiwa saratani ambayo isingewasumbua. Wako wanaoipima hesabu hiyo na kuamua kutopimwa. Wengi huamua kupimwa, nami ningekuwa mmoja wao, ila sipendi mtu aingie chumbani bila kuambiwa.

Hofu ya mionzi ina swali lake hapo chini.

## Siku ya kipimo

Nijiandae vipi?

Vaa nguo ya vipande viwili, uvue ya juu tu. Kama bado unapata hedhi, panga kuja wiki moja baada ya kuanza, matiti yakiwa hayajajaa wala kuuma. Beba picha za zamani ikiwa ulipimwa kwingine.

Na usipake dawa ya jasho, poda wala losheni kwapani au kifuani siku hiyo. Watu huona ni sharti la usafi tu. Tatizo ni kwamba dawa nyingi za jasho zina chembechembe za madini ya alumini, na alumini huzuia eksirei. Kwenye skrini huonekana kama vumbi jeupe lililonyunyizwa penye mikunjo ya kwapa, na vumbi hilo linafanana sana na vijichembe vya kalisi ambavyo wakati mwingine ndivyo dalili ya kwanza ya saratani. Nimewahi kumrudisha mtu mara mbili bafuni na kitambaa chenye maji kabla picha haijawa safi. Ukisahau, sema tu. Utapewa nafasi ya kunawa.

Kwa nini lazima titi libanwe? Si mashine inaona kwa kina?

Naulizwa hili na watu makini, na wana hoja. Lakini kubana kuna kazi nyingine zaidi ya kutandaza tishu. Titi lililobanwa halitikisiki, na kutikisika hata kidogo wakati kichwa cha mashine kinasogea huharibu matabaka yote. Titi likiwa jembamba huhitaji mionzi michache. Na eksirei hazitawanyiki sana ndani yake, kwa hiyo picha hutoka kali. Daktari Raúl Leborgne wa Uruguay ndiye aliyesisitiza kubana katikati ya karne ya 20, na hadi leo hatujapata mbadala.

Maumivu? Wengine husikia mkazo tu, wengine huumia kweli, na sitamwambia mtu kwamba hajaumia. Katika 3D kibao kinachobana titi hukaa sekunde chache zaidi kuliko kwenye picha ya kawaida: mashine nyingine humaliza mzunguko mmoja ndani ya sekunde 4, nyingine huchukua kama 25. Legeza bega na shingo, maana msuli wa kifua ukikaza, maumivu huongezeka. Mwambie anayekupiga picha abane polepole, na umwambie "simama" ukizidiwa. Ukijua huwa unaumia, waweza kumeza dawa ya kawaida ya maumivu saa moja kabla.

Kubanwa hakuwezi kupasua uvimbe wala kuisambaza saratani.

Mionzi si ndiyo inayoleta saratani?

Mionzi mingi huongeza uwezekano wa saratani, hiyo ni kweli, na ndiyo maana hatupigi picha bila sababu. Swali ni kiasi. Mamogramu ya kawaida ya matiti yote mawili hutoa takriban milisiveti 0.4. Ardhi, anga na chakula hutupa kila mmoja wetu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka duniani. Kwa hiyo kipimo kimoja ni kama mionzi ya miezi miwili ya kuishi tu.

Miaka ya mwanzo ya 3D, mwanamke alipigwa picha za kawaida na za 3D kwa pamoja, mionzi ikawa karibu mara mbili. Tangu mwaka 2013 zipo programu zilizoidhinishwa ambazo hutengeneza picha ya kawaida kutoka kwenye matabaka yenyewe, bila kupiga tena. Uliza kituo chako kama wanatumia njia hiyo. Ni swali zuri, wala halimkeri mtaalamu anayejua kazi yake.

Inachukua muda gani?

Dakika 15 hadi 20 kwa kawaida, ukijumlisha kujipanga. Kila titi hupigwa kutoka juu na kutoka ubavuni kwa mshazari, ili kwapa nalo lionekane.

## Majibu

Daktari anatafuta nini kwenye matabaka hayo yote?

Vitu vitatu hasa: uvimbe, vijichembe vya kalisi, na mahali ambapo nyuzi za titi zimevutwa zikapinda. Hicho cha tatu ndicho 3D inachokionyesha vizuri kupita picha ya kawaida.

Mara moja nilikaa nyuma ya daktari akisoma. Alianza na ngozi, akateremka kwa gurudumu la kipanya. Tabaka la 10, la 15, la 20: nyuzi zimetulia, zinaelekea kwenye chuchu kama vijito vinavyokwenda mtoni. Kwenye la 24 nyuzi mbili zikakengeuka. La 26, nyuzi sita au saba zilikuwa zimeelekea sehemu moja kutoka kila upande, na katikati pana doa dogo lisilofikia sentimita 1. La 29 lilikuwa limetulia tena. Akafungua picha ya kawaida ya titi hilohilo: nyeupe tu, kama wingu. Doa lile lilikuwa ndani ya wingu, na macho yetu yote manne hayakuweza kulionyesha lilipo.

Kusoma namna hii huchukua karibu mara mbili ya muda wa kusoma picha za kawaida. Majibu yakichelewa kidogo, mara nyingi hiyo ndiyo sababu.

Nimeitwa tena. Nina saratani?

Pengine huna. Rudi kwenye zile takwimu za Marekani: kati ya kila wanawake 1,000 waliopimwa kwa 3D, walioitwa tena ni 91, na waliokutwa na saratani ni 5 au 6. Yaani zaidi ya 80 waliitwa, wakapigwa picha za ziada au altrasaundi, wakarudi nyumbani wakiwa wazima.

Kuitwa tena maana yake ni kwamba picha imeuliza swali ambalo haikuweza kulijibu yenyewe. Nenda. Simu hiyo ikishapigwa, hatari kubwa kuliko zote ni kutokwenda kwa sababu ya hofu, kisha kurudi baada ya mwaka na uvimbe unaoshikika. Na mtu wako wa karibu akikusindikiza, bora zaidi, maana masikio ya mwenye hofu husikia nusu.

Ripoti yangu imeandikwa BI-RADS na namba. Ni hatua ya saratani?

Hapana, na kuchanganya huku kumewaliza watu bure. Hatua za saratani hupangwa baada ya saratani kuthibitishwa. Namba ya BI-RADS husema tu daktari ana shaka kiasi gani na picha. 0 ni picha haitoshi, zinahitajika nyingine. 1 na 2 ni salama. 3 ni karibu salama, uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, na kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi 6. 4 inahitaji biopsi, yaani kutoa kipande kidogo cha tishu kwa sindano kikapimwe, na nyingi za kundi hilo hutoka bila saratani. 5 ni shaka kubwa, asilimia 95 au zaidi. 6 huandikwa pale ambapo saratani imekwisha kuthibitishwa.

Biopsi itafanywaje ikiwa kitu kinaonekana kwenye 3D peke yake?

Mashine hiyohiyo huelekeza sindano. Titi hubanwa, tabaka lenye shaka hutafutwa, na kwa kuwa kina chake kinajulikana, sindano huenda pale pale. Hupigwa ganzi. Kipande kinachotolewa ni kidogo kama punje. Kuchoma sindano hakuisambazi saratani. Ushauri wa "usiguse, utaiamsha" umewafanya wengi waje wakiwa wamechelewa.

Majibu yamesema safi, lakini mimi mwenyewe nashika uvimbe.

Uamini mkono wako, urudi kwa daktari. Mamogramu hukosa takriban saratani 1 kati ya 8, na 3D imepunguza pengo hilo bila kulifunga. Uvimbe mpya, ngozi iliyovutwa au iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu, vyote hivyo vinahitaji uchunguzi wa haraka hata kama ripoti ya wiki iliyopita imesema hakuna kitu. Mweleze daktari wazi kwamba una dalili. Kipimo cha mwenye dalili hupangwa tofauti na cha asiye na dalili, na mara nyingi altrasaundi huongezwa hapo hapo.

## Hali za pekee

Nianze nikiwa na umri gani?

Nchi hazijakubaliana. Shirika la Afya Duniani hupendekeza miaka 50 hadi 69, kila baada ya miaka miwili, palipo na uwezo wa kutosha. Jopo la kitaifa la Marekani lilishusha umri mwaka 2024 hadi 40, nalo pia kila miaka miwili mpaka 74. Uingereza hualika kila miaka mitatu, kuanzia 50 hadi 71. Zungumza na daktari wako kuhusu hali yako, hasa kama swali linalofuata linakuhusu.

Mama yangu na dada yake waliugua saratani ya matiti.

Basi usifuate ratiba ya watu wote. Omba ukadiriwe uwezekano wako, na ikibidi upimwe jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu huongeza sana uwezekano wa saratani ya matiti. Wenye hitilafu kwenye jeni hizo huanza mapema, kwa kawaida na MRI ya kila mwaka, na mamogramu hufuata kuanzia miaka 30 hivi. 3D peke yake haiwatoshi.

Nina vipandikizi vya silikoni.

Unaweza kupimwa. Sema unapoweka miadi, si ukishafika, kwa sababu zinahitajika picha za ziada ambapo kipandikizi husukumwa nyuma kuelekea ubavu na titi lenyewe kuvutwa mbele. Kupasuka kwa sababu ya kipimo ni nadra sana.

Ninanyonyesha. Maziwa yataharibika?

Hayaharibiki. Eksirei hazibaki ndani ya mwili, na unaweza kunyonyesha mara tu utokapo. Mnyonyeshe mtoto au kamua kabla ya kipimo, maana titi lililojaa maziwa ni zito kwenye picha na huuma likibanwa. Kwa mjamzito au anayenyonyesha mwenye uvimbe, kwa kawaida huanzwa na altrasaundi. Lakini mamogramu ikihitajika haikatazwi, kwa sababu mionzi inayofika tumboni ni kidogo mno. Usikubali kuambiwa usubiri mpaka utakapomwachisha mtoto.

Mimi ni mwanamume. Kipimo hiki kinanihusu?

Takriban asilimia 0.5 hadi 1 ya saratani za matiti huwapata wanaume. Hakuna haja ya kupimwa kila mwaka bila dalili, lakini mwanaume mwenye donge nyuma ya chuchu apigwe mamogramu kama mwingine yeyote, na asione haya. Mashine hiyohiyo hutumika.

Akili mnemba itasoma picha badala ya daktari?

Kwa sasa inamsaidia. Utafiti uitwao MASAI huko Uswidi, wenye wanawake zaidi ya 80,000, ulionyesha mwaka 2023 kwamba kazi ya kusoma ilipungua kwa asilimia 44 bila saratani zilizogunduliwa kupungua. Picha zilizotumika zilikuwa mamogramu za kawaida. Kwenye 3D, yenye matabaka mengi, msaada huo unahitajika hata zaidi.

Nina picha za miaka ya nyuma kwenye CD. Za zamani hivyo zina maana gani tena?

Zina maana kubwa kuliko unavyodhani, hata zikiwa za kawaida na za leo ni za 3D. Doa ambalo limekaa vilevile kwa miaka mitano na doa lililozuka mwaka huu yanaweza kufanana kabisa kwenye skrini. Daktari akiwa na picha mbili, ya zamani kushoto na mpya kulia, mara nyingi humaliza swali bila kukuita tena. Kwa hiyo zilete, na kabla hujaondoka siku hiyo, omba nakala ya picha zako mpya ukaihifadhi kwa ajili ya kipimo kijacho.